KUANDIKWA TENA AU KURUDI NYUMBANI
Swali lililowakabili askari wa Keya baada ya vita



Kila mwaka, baada ya hesabu za mweka hazina na orodha ya wanachama waliofiwa, kijitabu hiki hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Safari hii hatukuichagua habari sisi wenyewe, bali habari ilitujia. Katika mkutano mmoja wa kamati, mzee mmoja wa chama alileta barua ya mwanawe aliye jeshini, ambaye muda wake wa utumishi umekaribia kwisha. Kijana aliuliza: je, atie sahihi tena, ama avue sare arudi kuwa raia? Baba hakujua la kumjibu. Kamati nayo ilibishana mpaka taa zikawashwa. Wako waliosema, “Abaki, mshahara haupatikani barabarani.” Na wako waliosema, “Arudi, mke na mama wamechoka kumngoja.” Mwishowe mwenyekiti akatugeukia akasema, “Karani, swali hili si geni. Wazee wetu waliulizwa lilo hilo mwaka 1946. Tafuta walijibu nini, na majibu yao yaliwafikisha wapi, utuandikie.”

Basi tumetii, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Chanzo cha Keya

Jeshi lililoitwa King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilifupisha jina wakaliita Keya, liliundwa tarehe 1 Januari 1902, kwa kuunganisha vikosi vilivyolinda nchi zilizotawaliwa na Waingereza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Batalioni ya 3 ndiyo iliyokuwa ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Maafisa walikuwa Waingereza, na askari walikuwa Waafrika. Wasudani waliokuwamo tangu mwanzo walileta maneno yao, ndiyo sababu koplo aliitwa ombasha, na sajenti akaitwa shaushi. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, ingawa kilikuwa Kiswahili cha amri, kifupi na kikavu.

Wakati wa amani askari wa Keya aliandikwa kwa muda wa miaka maalumu. Muda ukiisha, mwenye tabia njema aliweza kuandikwa tena akitaka. Aliyeoa aliweza kupewa nyumba katika laini, akakaa na mkewe na watoto. Kwa hiyo wako watu waliozaliwa laini, wakakua kwa sauti ya tarumbeta, wakaandikwa wenyewe walipofikia umri. Kwa watu hao kutoka jeshini hakukuwa kurudi nyumbani. Nyumbani kwao palikuwa pale pale.

Fundisho la vita vya kwanza

Vita vya 1914 hadi 1918 viliikuza Keya kutoka batalioni 3 hadi 22. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi wa jeshi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor, na Dar es Salaam katika Kariakoo. Hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wachunguzi wengi huamini ya kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa kupita hiyo. Walioangamizwa na kuhara, homa na njaa ni wengi kuliko walioangamizwa na risasi.

Vita vilipokwisha Keya ilipunguzwa upesi, na watu wakaambiwa waende kwao. Yafaa tukumbuke walipata nini. Mwaka 1919 serikali iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliomaliza vita, na kura zikapigwa mjini Nairobi. Sehemu ya nchi ya Wanandi ilikatwa kwa ajili hiyo. Mwafrika aliyepigana vita hivyo hivyo hakutiwa katika kura. Badala ya shamba aliletewa kipande, ambacho kilianza kutumika kwa nguvu katika miaka ya 1919 na 1920, akakivaa shingoni katika kibati chake popote alipokwenda kutafuta kazi. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Bwana Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi, aliidai kwa miaka mingi asifanikiwe. Mwaka 1928 Nairobi ilipata sanamu za shaba za askari na mpagazi, ambazo zingali zimesimama barabarani. Sanamu ni jambo la heshima, lakini haiwezi kulimwa wala kukamuliwa.

Twaeleza haya kwa kuwa vijana wa mwaka 1939 walikuwa watoto wa watu hao. Walikuwa wamekwisha kusikia jikoni na mezani jinsi baba zao walivyoagwa.

Vita vya pili, na mambo waliyojifunza

Katika vita vya 1939 hadi 1945, Kenya peke yake ilitoa watu karibu 98,000 walioandikwa katika jeshi. Si wote walioshika bunduki. Wengi walikuwa madereva, wapishi, makarani, waganga wasaidizi, wapiga simu za upepo, na watu wa vikosi vya kazi. Waliingia Mogadishu mwezi wa Februari 1941, na Addis Ababa mwezi wa Aprili mwaka ule ule, wakaangusha himaya ya Wataliana katika Uhabeshi. Mwaka 1942 wakapelekwa Madagaska. Mwaka 1943 wakavuka kwenda Ceylon, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ikashuka bonde la Kabaw katika Burma, katika mvua na matope, hata ikafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Jina la Burma limebaki hata leo katika soko la nyama la Nairobi.

Watu hao walijifunza mambo mawili. Kwanza, walijifunza kazi: kuendesha lori na kulitengeneza, kupokea habari kwa simu ya upepo, kufunga jeraha, kuweka daftari. Wengi walijifunza kusoma na kuandika wakiwa katika sare. Pili, walijifunza kupima. Walimwona Mzungu akiogopa na akifa kama mtu mwingine yeyote. Waliwaona Wahindi wakisema wazi habari za kujitawala. Mtu aliyekwisha kuyaona hayo alirudi na kipimo kipya mkononi.

Swali lenyewe

Mwezi wa Agosti 1945 vita vilikwisha. Hapa hapana budi tuseme wazi jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Wengi wa askari wale hawakuwa na la kuchagua. Walikuwa wameandikwa kwa muda wa vita tu, na jeshi la amani halikuhitaji watu wengi kiasi hicho. Walingoja meli kwa miezi, tena kwa manung'uniko, kwa maana meli zilikuwa chache. Wakafika, wakarudisha vifaa, wakalipwa, wakapewa hati zao na safari ya bure hadi wilayani kwao, na kwa heri.

Lakini wako waliohitajiwa, hasa wenye vyeo vidogo, wenye ujuzi wa kazi maalumu, na wale ambao bwana wa kombania aliwaamini. Hao ndio walioulizwa: unabaki, ama unakwenda? Na mara nyingi swali hilo lilijibiwa pale pale, mbele ya meza, mtu amesimama wima, pasipo nafasi ya kumwuliza mkewe wala baba yake.

Sababu za kubaki zilikuwa na uzito. Mshahara ulikuwa wa hakika kila mwezi. Chakula, nguo na dawa vilikuwa bure. Mke angeweza kuja kukaa laini, jambo ambalo wakati wa vita lilikuwa haliwezekani. Mwenye cheo aliheshimiwa, naye alijua ya kuwa akivua sare cheo kitabaki langoni, na kesho yake karani mdogo wa ofisi atamwita “wewe”.

Sababu za kuondoka nazo hazikuwa nyepesi. Mtu alikuwa hajaona kwao kwa miaka mitatu, minne, hata mitano. Watoto hawakumjua. Mpaka wa shamba haujilindi wenyewe. Tena, katika jeshi Mwafrika alikuwa na kikomo: aliweza kufika cheo cha juu cha sajenti meja, lakini uafisa kamili alifungiwa mpaka karibu kabisa na Uhuru. Na mwenye kiinua mgongo mfukoni aliota duka, ama kinu cha kusaga unga, ama lori.

Kiinua mgongo chenyewe kilikuwa kidogo. Iko hati ya mwaka 1949. Ilitolewa hadharani na waandishi wa habari mwaka 2019, nayo ilionyesha ya kwamba malipo yale hayakupimwa kwa cheo na muda wa utumishi peke yake, bali kwa rangi pia, hata Mwafrika akapata karibu theluthi ya alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Wazee wetu waliyahisi hayo tangu zamani, ila hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Waliorudi

Aliyerudi aliikuta Kenya ile ile. Kipande kilikuwa kinamngoja. Serikali ilikuwa inatayarisha tena mashamba kwa askari wa Kizungu, na Mwafrika akaambiwa tena arudi katika sehemu yake iliyokwisha kujaa watu. Kulima kahawa kulizuiwa kwa Waafrika wengi mpaka miaka ya 1950. Waliotaka kufanya biashara walikuta leseni ni chache na wenye maduka wa zamani wamekwisha kutangulia. Shule ya Jeanes pale Kabete ilifundisha baadhi ya waliorudi, na hilo tunalishukuru, lakini nafasi zake zilikuwa chache mno.

Wako waliogeuza uchungu wao kuwa kazi ya watu wote. Bwana Bildad Kaggia alikuwa karani jeshini, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Aliacha jeshi mwaka 1946, akaingia katika vyama vya wafanya kazi, akafungwa pamoja na wenzake wa Kapenguria, na mwaka 1963 akaingia Bunge. Bwana Waruhiu Itote alipigana Burma, akarudi akafanya kazi katika reli, kisha akaingia msituni akaitwa Jenerali China, hata akakamatwa mwezi wa Januari 1954. Ujuzi wa vita alioupata katika Keya aliugeuza kuikabili serikali iliyomfundisha.

Waliobaki

Aliyebaki naye hakubaki katika amani. Batalioni ya 3 ilipelekwa Malaya mwaka 1952 kupigana msituni katika vita visivyomhusu mtu wa Kenya. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule hali ya hatari ikatangazwa hapa kwetu, na askari wa Keya akatumwa kuwawinda watu wa nchi yake mwenyewe, na pengine watu aliolala nao katika handaki moja Burma. Hatuwahukumu wazee hao. Twasema tu ya kwamba mtu atiapo sahihi kwa miaka kadhaa, hajui miaka hiyo itamwamuru nini.

Hata hivyo, kwa baadhi yao subira ilizaa matunda. Tarehe 12 Desemba 1963 batalioni za 3, 5 na 11 za Keya zikawa Kenya Rifles. Mwaka 1966 Brigedia Joseph Ndolo, aliyeanza kama askari wa Keya, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu la Kenya. Lakini njia haikuwa nyofu kwa wote. Tarehe 24 Januari 1964 askari wa Batalioni ya 11 waliasi pale Lanet, kwa sababu ya mshahara na kwa kuwa maafisa wa Kizungu walikuwa wangali juu yao. Uasi ulizimwa, batalioni ikavunjwa, na wengine wakahukumiwa. Kwa hao Uhuru ulikuja, na kazi ikaondoka.

Ndugu wawili

Tunaomba ruhusa kuwataja wazee wawili wa nyumba yetu, pasipo majina. Babu yetu na mdogo wake waliandikwa siku moja na wakafika Burma wote wawili, mmoja dereva, mwingine mpiga simu. Mwaka 1946 babu alirudi. Aliunganisha fedha zake na wenzake wanne, wakanunua lori kuukuu. Hawakuwa na daftari. Kila mmoja aliweka hesabu kichwani, na vichwa vitano vikawa na hesabu tano. Lori halikumaliza miaka miwili. Babu akaajiriwa kuendesha lori la mtu mwingine, naye usukani wa lile la kwanza akautundika ghalani hata alipokufa.

Mdogo wake alitia sahihi tena. Akawa sajenti, mkewe akaja laini, watoto wakasoma. Akaenda Malaya. Mama yao alifariki akiwa huko, na barua ilimfikia kaburi limekwisha kuota majani. Alipostaafu alirudi na nishani na pensheni ndogo, akakuta mpaka wa shamba lake umesogezwa, na wa kumshuhudia hakuna, kwa kuwa mashahidi wote walimjua kama kijana wa miaka ishirini.

Kila Krismasi walibishana nani alichagua vema. Sisi tulikuwa watoto, tukisikiliza nyuma ya mlango. Babu alisema, “Wewe ulikula bila kuuliza bei.” Mdogo wake akajibu, “Na wewe ulimzika mama.” Hapo hunyamaza wote wawili, kisha mmoja huomba chai. Hatukupata kusikia mwenye kushinda.

Jibu letu kwa kijana

Tulipoisoma habari hii mbele ya kamati, mzee mwenye barua aliuliza, “Basi nimwandikie nini?” Twaona ya kwamba historia haimpi mtu amri ya kubaki wala ya kutoka. Walioangamia wako pande zote mbili, na waliofaulu wako pande zote mbili. Lakini yapo mambo manne ambayo tofauti yake ilionekana dhahiri.

La kwanza ni kazi. Waliorudi na ujuzi ambao raia huulipia, pamoja na hati ya kuuthibitisha, walisimama upesi kuliko waliorudi na fedha tu. Kijana na aulize: nikivua sare kesho, mikono yangu inajua nini?

La pili ni fedha. Kiinua mgongo huonekana kingi siku ya kwanza. Kisiingizwe katika biashara ya ushirika pasipo daftari, muhuri na mtu wa kukagua hesabu, hata kama washirika walivuka mto mmoja chini ya risasi. Udugu wa vita ni kitu kikubwa, lakini haujui kujumlisha.

La tatu ni nyumbani. Ajuaye kwamba atabaki jeshini na aandikishe shamba lake, na mipaka ijulikane, na mkewe ajue hati ziko wapi. Akija likizo, aende kwa majirani, asilale tu.

La nne ni muda. Wazee wetu walijibu mbele ya meza, kwa dakika chache, jambo la kuwafunga miaka mingi. Kijana wa leo huandikiwa mapema. Basi na alete swali nyumbani mwaka mzima kabla ya siku ile, walizungumze yeye na mkewe na wazazi wake.

Kamati imekubali ya kwamba tangu mwaka huu mwanachama yeyote mwenye mtoto jeshini aweza kuleta habari zake kwa karani, na chama kitamtafutia mtu wa kumwonyesha njia ya hati za ardhi, akiba na vyeti vya kazi. Si msaada mkubwa. Lakini mwaka 1946 babu zetu hawakuwa hata na huo. Mmoja alipanda lori la jeshi akashushwa njia panda na sanduku lake la bati, mwingine akapiga saluti akarudi laini, na hapakuwapo mtu wa kuuliza habari ya yeyote kati yao.

Mzee alikunja barua akaitia mfukoni. Alisema ataandika mambo yote manne, na chini yake ataongeza neno moja lake mwenyewe: kwamba uamuzi wowote atakaoufanya mwanawe, mlango wa nyumba uko wazi. Sisi tuliona neno hilo limeyapita yote tuliyoandika, kwa hiyo tunalitia hapa, na kwalo tunamaliza.

Wenu katika utumishi,
Karani wa Chama